Moto na Maji

Nianze kwa kukiri, maana mhariri wetu hapa ana usemi wake kwamba makala isiyo na mtu ndani yake ni hotuba. Haya. Mtu wa makala hii ni mimi, na kosa lenyewe ukilitazama haraka haraka ni dogo mno: mwezi wa kwanza mwaka 2014, nikiwa na miaka 19, nimemaliza kidato cha nne na niko nyumbani nasubiri matokeo, nilinyoosha mkono kwenye mkutano mkuu wa kijiji.

Kijiji sitakitaja. Kiko bonde la Kilombero, upande wa Ifakara wa mto, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Kibaoni kama njia ni kavu, na mwezi wa kwanza njia huwa si kavu. Tulikaa chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Ajenda ilikuwa mtu. Nitamwita Mzee tu, inatosha. Alikuwa mshona nyavu, mjane, anakaa peke yake nyumba ya mwisho kabisa kabla ya kushuka mtoni. Msimu ule walikufa watoto watatu ndani ya wiki chache, mmoja wao mdogo wake rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja tangu darasa la tano. Homa. Na msidhani watu wa kwetu hatujui homa. Ifakara wataalamu wamekuwa wakichunguza malaria na magonjwa mengine tangu Waswisi walipofungua maabara yao mwaka 1957. Hakuna mtoto wa bondeni asiyejua kwamba malaria inaletwa na mbu. Swali lililokuwa chini ya mwembe halikuwa watoto wameumwa nini. Lilikuwa kwa nini hawa, kwa nini wote upande mmoja wa kijiji, na kwa nini yule mzee hakuja kwenye matanga ya yule wa pili.

Mtendaji wa kijiji alikuwa mtu makini. Akasema, "Ndugu zangu, sheria inakataza kumwita mtu mchawi. Nikiandika neno hilo hapa naingia ndani mimi na ninyi wote." Basi likatafutwa neno jingine. Katika muhtasari likaandikwa kwamba Mzee ahame kijiji "kwa usalama wake". Hakuna aliyeuliza ni nani anayetishia huo usalama. Waliokuwa wanautishia ni sisi, tulikuwa tumekaa pale pale, wengine na jembe begani kwa sababu tulikuwa tunatoka shamba.

Mikono ikaitishwa. Rafiki yangu alikuwa pembeni yangu, macho mekundu, ananitazama. Nikanyoosha.

Mzee alisimama mara moja tu. Akauliza, "Nihamie wapi?" Mwenyekiti akamjibu bila ukali, karibu kwa upole, "Popote mzee wangu. Nchi ni kubwa." Na sauti moja kutoka nyuma, ambayo haikuingia kwenye muhtasari, ikaongeza kwamba mpaka siku atakapoondoka asipewe moto na mtu, wala asichote maji kwenye pampu wenzake wakiwepo.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba sauti ile ya nyuma ilikuwa inasema Kirumi.

Nieleze. Padri mmoja aliniazima kitabu cha historia ya Kanisa, kizito, kurasa zimeliwa na mende, na humo ndimo nilimokutana na sheria za Warumi. Zamani zao, mtu aliyetakiwa kutoweka alipigwa marufuku ya moto na maji. Ndivyo ilivyoitwa kisheria, moto na maji. Maana yake hakuna raia aliyeruhusiwa kumpa hivyo viwili, na mtu asiyepewa moto na maji na jirani anabaki na kitu kimoja tu cha kufanya, kuondoka. Baadaye, chini ya makaisari, adhabu ikapangwa vizuri zaidi, ikawa na madaraja. Kulikuwa na relegatio: unaambiwa kaa mahali fulani au usikanyage mahali fulani, kwa muda au kwa maisha, lakini unabaki raia na kwa kawaida mali yako inabaki yako. Na kulikuwa na deportatio: unapelekwa kisiwani au jangwani kwa maisha, uraia unakwisha, mali inachukuliwa. Mshairi Ovid, aliyetupwa Tomis kando ya Bahari Nyeusi mwaka wa 8 baada ya Kristo, alipata ile ya kwanza. Alibaki na mali yake, na bado alifia huko huko akiomba arudishwe.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Nilikuwa nimekaa barazani kwetu na nikakumbuka ile pampu.

Karne ya nne na ya tano adhabu hii ikawa ya maaskofu hasa. Kaisari akishakuwa Mkristo, imani yako nayo inakuwa jambo la serikali. Athanasius wa Alexandria alifukuzwa mara tano, chini ya makaisari wanne; katika miaka 45 hivi ya uaskofu wake, kama 17 alikuwa nje ya kituo chake. Nestorius naye, aliyekuwa askofu mkuu wa Konstantinopoli, aliishia katika nyika ya Misri, kwenye oasisi. Lakini aliyenishika mimi ni Yohane Krisostomo, yule tunayemwita Kinywa cha Dhahabu. Mwaka 404 aliondolewa Konstantinopoli baada ya ugomvi wa muda mrefu na ikulu, hasa na mke wa kaisari, Eudoxia, akapelekwa Cucusus, kijimji cha milimani Armenia, baridi kali na majambazi. Kosa lake likawa ni kwamba hakunyamaza. Aliandika barua. Zimebaki zaidi ya 200. Watu wakafunga safari kumfuata huko, na wenyeji wa Cucusus, kwa maneno yake mwenyewe, walimpokea vizuri. Basi wakubwa wakaona hapo mahali hapatoshi, pamekuwa karibu mno. Mwaka 407 wakaamuru asogezwe mbali zaidi, Pityus, mwisho kabisa wa Bahari Nyeusi. Walimtembeza kwa miguu, mgonjwa, jua na mvua, akafia njiani. Mwaka 438 wakaenda kuichukua mifupa yake na kuirudisha mjini kwa heshima, miaka 31 baada ya kumuua kwa mwendo.

Hiyo tabia ya kurudisha watu wakiwa hawana madhara tena, nayo tunaijua. Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walikamatwa mwaka 1899, Waingereza wakawapeleka Shelisheli. Mwanga alifia huko 1903. Kabalega aliachiwa mwaka 1923, mzee sana, na akafariki Jinja, yuko njiani kwenda kwao. Khalid bin Barghash, aliyekaa kwenye kiti cha Unguja kwa siku mbili tu mwaka 1896 kabla mizinga haijabomoa jumba, alikimbilia kwa Wajerumani Dar es Salaam. Waingereza walipouchukua mji 1916 walimpata, wakampeleka Shelisheli na Mtakatifu Helena, kisha wakamruhusu Mombasa, akafia pale mwaka 1927. Mombasa na Unguja, msomaji, ni safari ya mashua. Karibu kiasi hicho, na bado si kwao.

Lakini wafalme wana vitabu vyao. Mimi nataka sheria zilizotugusa sisi wa chini.

Mwaka 1921 serikali ya Kiingereza Tanganyika ilitunga sheria ya kuhamisha watu kwa nguvu. Jina lake la kizungu limetoka kwenye Kilatini kile kile, deportatio. Gavana akiridhika kwamba mtu ni hatari kwa amani, au anachochea uadui dhidi ya serikali, anaweza kumtoa sehemu moja ya nchi na kumweka nyingine. Rufaa hakuna. Mwaka 1928 ikaja sheria ya uchawi, na hii nawaomba muitazame vizuri, maana kwa mkono wa kulia inakataza kumwita mtu mchawi, na kwa mkono wa kushoto inampa mkuu wa wilaya uwezo, akishachunguza na kuridhika kwamba mshukiwa anawatia watu hofu au madhara, kumwamuru akae mahali fulani ndani ya wilaya na awe anaripoti. Hiyo ni relegatio, hakuna jina jingine. Mwaka 1944 ikaja nyingine ya kuondoa mijini watu wasiotakiwa: wahuni, wasio na kazi, warudishwe kwao.

Uhuru ulipokuja gavana akaondoka, sheria zikabaki kwenye kabati, na rais akaingia mahali pa gavana. Tukaongeza na zetu. Ninyi mnaokaa vijiweni Manzese na Buguruni mkisoma jarida hili kwa kupokezana, mwaka 1983 mngekuwa mmepakiwa kwenye lori. Ndiyo Sheria ya Nguvu Kazi: huna kazi mjini, huna kitambulisho cha kazi, nenda kijijini kalime. Baba mdogo mmoja wa mtaa wa nyumbani aliponea hivi hivi kwa kuazima aproni ya fundi magari. Sheria hiyo ina jambo linaloniuma mimi mtu wa Kilombero kuliko linavyowauma ninyi. Hebu fikirini: adhabu yenu ilikuwa ni kuja kuishi kama sisi. Jembe, tope hadi magotini, kuwinga ndege kwenye dungu kuanzia alfajiri. Maisha ya mama yangu yalikuwa kifungo cha mtu mwingine. Watumishi nao ni vivyo hivyo. Mwalimu akigombana na wakubwa mjini, utasikia "kapigwa uhamisho", anashushwa bondeni na sanduku lake la bati, na mwezi mzima wa kwanza anatutazama wanafunzi kama Krisostomo anavyoitazama theluji ya Cucusus. Angalau Krisostomo aliwasifu wenyeji.

Uhamisho. Neno hilo limenisumbua. Katika Biblia ni Waisraeli kupelekwa Babeli. Kwenye ofisi ni barua ya afisa elimu. Na mahame ni mahali palipohamwa, nyumba iliyobaki mapaa matupu na mbuyu. Lugha yetu imeweka katika kitenzi kimoja anayekwenda kwa hiari, anayelazimishwa, na kiwanja kinachobaki nyuma. Mtendaji wetu alipoandika "ahame" hakudanganya. Alijificha ndani ya neno lenye nafasi.

Sasa swali lenyewe. Kumfukuza mtu kwao ni huruma au ni ukatili? Msicheke, kwa sababu hoja ya huruma ina nguvu, na nimeibeba mwenyewe miaka mingi kama ngao. Warumi waliihesabu hivyo. Mkubwa aliyestahili kifo alipewa njia ya kwenda zake, na asiye na jina ndiye aliyepelekwa migodini au kwa wanyama. Kufukuzwa kulikuwa upendeleo. Na kwetu? Nchi hii imeua vikongwe kwa tuhuma za uchawi, wengi mno, Usukumani hasa, kwa macho mekundu tu ya moshi wa kuni. Ukiwa umesikia habari hizo redioni tangu utoto, halafu unaona kijiji kimekasirika na majembe yako begani mwa watu, mtu anaposema "ahame" unapumua. Nilipumua. Nilijiambia nimepiga kura ya kumwokoa. Na inawezekana kabisa, hili sitalificha, kwamba tusingemwambia ahame angechomwa na nyumba yake wiki ile. Mtendaji aliniambia hivyo miaka baadaye na sina cha kumjibu.

Lakini huruma ya namna hii ina kasoro mahali. Anayetishiwa ndiye anayeondoka, na wanaotishia ndio wanaobaki kula mpunga. Kama usalama wake ndio uliotusumbua, dawa ilikuwa kutuonya sisi. Kuna polisi Ifakara.

Tena tazama inavyofanya kazi. Mfungwa wa Kiberege au Idete, magereza yetu ya bondeni, ana tarehe. Analimishwa, anahesabiwa, ana namba, lakini ana tarehe, na kijiji kinajua tarehe hiyo. Mama anaihesabu kwa vifundo vya kamba. Aliyefukuzwa hana tarehe. Halafu mfungwa anaadhibiwa kwa jambo alilofanya, au walau wamemsomea shtaka. Mzee hakusomewa kitu. Asingeweza hata kujitetea, maana lile neno lilikuwa limekatazwa kutamkwa! Utamkanushaje mtu asiyekushtaki?

Na kitu cha tatu ndicho kibaya kuliko vyote, nacho nilikielewa taratibu. Mtu ni nani? Kwa sehemu kubwa ni yale ambayo wengine wanayajua juu yake. Mzee kwetu alikuwa ndiye aliyemvusha bibi fulani kwa mtumbwi mwaka wa mafuriko, ndiye aliyemuoa yule mwanamke aliyekuwa anacheka sana, ndiye aliyemzika. Ng'ambo ya mto ni kizee kimoja kimekuja na godoro, hatujui kimetoka wapi, na kwa nini mtu wa umri huo ahame? Yaani tuhuma inavuka naye kwenye pantoni, ila mema yake yote yanabaki huku, kwa sababu mashahidi ndio sisi.

Kisheria hatukuwa na uwezo huo hata kidogo. Katiba yetu, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kwenda anakotaka na kuishi sehemu yoyote ya Jamhuri. Hati ya haki iliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaanza kuisimamia 1988. Mwaka huo huo, Mwanza, Jaji James Mwalusanya alipokea shauri la Chumchua Marwa dhidi ya mkuu wa gereza la Musoma, na akaamua kwamba ile sheria ya 1921 ya kuhamisha watu inapingana na Katiba. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Francis Nyalali ikaiorodhesha kati ya sheria 40 kandamizi, pamoja na ile ya Nguvu Kazi. Nashangilia hukumu ya Mwalusanya kila nikiikumbuka. Ila hukumu ile ilimfunga mikono rais. Mwembe wa ofisi ya kijiji haukuisikia. Tulimfanyia Mzee, kwa kura ya mikono na muhtasari wenye mhuri, jambo ambalo jaji wa Mahakama Kuu alikwishasema hata mkuu wa nchi hana ruhusa ya kulifanya.

Nilimsimulia bibi yangu mzaa mama mambo haya yote, Warumi na wote. Bibi ni Mpogoro, amezaliwa Mahenge, na mimi ananiita mume wake. Alisikiliza anapeta mchele. Mwishoni akasema, "Mume wangu, mmeshindwa hata kumpeleka akanyolewe?"

Kwa wageni nieleze. Ulanga na Kilombero kuna njia ya zamani ya kumaliza maneno ya uchawi, nayo ni kunyolewa. Miaka ya 1980 na 1990 watu walikwenda hasa kwa Bibi Kalembwana, Ihowanja. Ananyolewa anayetuhumiwa, wananyweshwa dawa, na inasemekana atakayerudia uchawi baada ya hapo dawa itamuua mwenyewe. Lakini ananyolewa na aliyetuhumu. Hapo ndipo bibi alipokazia.

"Mimi nimenyolewa," akasema. Sikuwahi kujua. Nilikaa wima. "Usishtuke. Na aliyenisema akanyolewa. Tumetembea wote njia moja, tumelala nyumba moja, tumenyolewa siku moja, vichwa vinang'aa kama mabakuli. Tukarudi. Mwaka uleule tumelimiana."

Nikamuuliza kama alikuwa na kosa. Akaacha kupeta. Akaniambia swali hilo ni la kitoto.

Sitaki kupamba. Kunyolewa kunadhalilisha. Bibi alikuwa na zaidi ya miaka 40, ana wajukuu, anatolewa kila unywele wa mwili na wageni kwa jambo ambalo hakulifanya, na nauli akajilipia. Mtu akiniuliza kama hiyo ni haki, nitasema hapana. Adhabu inayoanza kwa kukubali uongo siwezi kuiita haki. Lakini ina kitu kimoja ambacho mkutano wetu, kaisari, gavana na Nguvu Kazi wote hawakuwa nacho: inakwenda na kurudi. Safari ya Ihowanja ilikuwa na siku ya kurudi, na mshtaki naye alipaswa kuivua nywele zake. Kijiji kilibaki na watu wale wale na kikalazimika kutafuta namna ya kukaa nao. Sisi wasomi wa kidato cha nne tulipata njia ya kisasa zaidi, yenye muhtasari, na ikawa mbaya zaidi. Ningependa mtu anionyeshe nimekosea wapi hapa, maana sioni fahari yoyote kuwa mwandishi anayetetea nyembe.

Sasa sehemu niliyokuwa naikwepa.

Mzee aliondoka baada ya wiki mbili. Godoro lake nililibeba mimi kwa baiskeli mpaka kivukoni. Nilifanya kwa hiari na nilijiona mwema. Alikuwa na nyavu mbili na kuku mmoja. Pantoni ilichelewa, tukakaa kwenye mchanga pamoja na wauza perege, na hakunisema kwa lolote; alipopanda akasema, "Ahsante mwanangu." Aliacha ekari tatu za mpunga zilizokuwa zimeota tayari, kijani kabisa. Mkutano haukuzungumzia shamba. Relegatio, unaona, mali inabaki yako. Lakini mpunga hausubiri, na wiki ya tatu palizi ikawa inadaiwa, na kamati ikampa mtu alishike kwa muda. Mtu huyo ni mjomba wangu. Muda huo haujaisha mpaka leo. Matokeo yangu yalitoka, nikapata nafasi ya kidato cha tano, na ada ya miaka ile miwili ililipwa kwa magunia ya ekari zile tatu. Nilijua. Hakuna aliyenificha. Likizo nilipokuwa narudi nilikuwa nakwenda kuvuna.

Kwa hiyo ninapowaandikia habari za wakubwa wa Konstantinopoli, mjue anayeandika amesomeshwa na deportatio.

Mwaka 2023 nilikwenda Lupiro kwa shughuli nyingine. Siku hizi pana daraja, hakuna pantoni, unavuka kwa pikipiki kwa dakika moja. Gulioni nikamwona, amekaa chini, ametandika nyavu magotini, anashona. Nikasimama kwanza. Kisha nikaenda.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia. Akanitazama muda. "Aa," akasema, "wa godoro."

Aliuliza kama pampu bado inatoa maji. Aliuliza habari za watu wanne, wawili nikamwambia wamefariki, akaiweka sindano chini kila mara. Shamba hakuliuliza. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia, nikamwuliza kama angependa kurudi. Akasema, "Nani kaniita?" Si kwa uchungu. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua jina.

Niliporudi nilikwenda kwanza kwa mjomba. Nilimwambia ninakusudia kupeleka jambo hili kijijini, kuitwa kwake pamoja na shamba lake. Mjomba ni mtu wa maneno machache. Alisema, "Ule wali si uliula?" Nikasema niliula. Akasema, "Basi," akaingia ndani, na tangu siku hiyo salamu zangu anazipokea kupitia kwa watoto wake. Rafiki yangu, yule aliyefiwa na mdogo wake, aliniambia niache, kisha usiku akanipigia simu akaniambia atakuja mkutanoni ila hatasema kitu.

Mwenyekiti wa sasa si yule wa zamani. Alitaka barua, nikaandika ukurasa mmoja, nikiwa nimefuta neno "uhamisho" mara tatu. Aliisoma amesimama mlangoni pa ofisi. Akauliza kama kuna bajeti yoyote inahusika. Nikasema hapana. Akauliza kama Mzee mwenyewe ameomba. Nikasema hapana, tatizo ndilo hilo, anasubiri aitwe. Akaikunja barua katikati, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akasema mkutano ni baada ya mavuno na ajenda zimekwishajaa, barabara, darasa, mifugo. Labda hili tuliweke kwenye mengineyo.